Alhamisi za Micheline

Micheline alikuwa na miaka ishirini na tatu, na kwa miaka minne kazi yake ilikuwa kupiga pasi na kushona vifungo katika atelie ya ushonaji ya Mama Nyiramahirwe, huko Katoyi, mjini Goma. Serikali ilipofungua mafunzo ya bure kwa vijana wafanyakazi, mama huyo alimruhusu aende kila mchana. Alijiandikisha kwa ushonaji. Wiki ya pili mashini yake iligoma, fundi wa kituo cha mafunzo, Papa Nshobole, akaifungua mbele yake, na Micheline akaisahau kabisa nguo aliyokuwa anakata.

"Hapa ndani kuko chuma kidogo kinangojea sindano," fundi alimwambia. "Kikichelewa kidogo tu, hakidake uzi. Sikiliza."

Kesho yake aliomba kuhamia ufundi wa mashini, wasichana wakiwa wawili tu, yeye na rafiki yake Charline, kati ya vijana kumi na mmoja. Miezi saba alirudi nyumbani Majengo vidole vikinuka mafuta, na hakuna wakati mwingine maishani mwake aliotamani kukuche namna ile.

Ilibaki miezi miwili wafike mbele ya juri, watu wa kupima na kutoa cheti cha brevet, vita ikaingia mjini. Kituo kikafungwa. Papa Nshobole akavuka mpaka na familia yake, na namba yake haikupita tena. Baadaye habari ilifika kwamba mafunzo yamehamia Beni, na mwanafunzi yeyote atakayefika atapokelewa. Barabara ilikuwa imekatwa na vita, Charline akazunguka kupitia Rwanda na Uganda, akafika. Micheline alibaki. Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja, na nyumbani walikuwa wawili tu.

Siku ya kwanza ya masomo, alhamisi, Charline alimpigia amweleze nani yuko, nani hayuko. Micheline akamkatisha.

"Charline, usiseme kitu. Weka tu telefone juu ya meza, karibu na mashini."

"Sababu gani?"

"Niache nisikie."

Ikawa hivyo kila alhamisi. Micheline alikaa nyuma ya atelie juu ya gunia la vipande vya kitambaa, akisikiliza mashini sita zikilia Beni. Alifumba macho, na mikono yake ikasogea yenyewe mapajani.

Alhamisi ya nne alishtuka. "Charline! Kuko moja inagonga, ile ya sauti nzito. Sindano inagusa chuma!"

Sauti ya mwanamume ikaingia. "Huyo ni nani?"

"Ni Micheline, papa. Iko Goma."

Mlio mzito ukanyamaza. Micheline alisikia kifuniko kikiwekwa chini. Mwalimu wa Beni, Papa Kamate, akaichukua telefone mwenyewe.

"Ni kweli, ncha ya kile chuma imeanza kulika. Binti yangu, utakuya lini? Juri iko tarehe kumi na tano, na inataka mutu mwenyewe na mikono yake."

"Sijue, papa."

Tarehe kumi na tano Micheline aliunguza kola ya shati la mteja. Mama Nyiramahirwe hakumgombeza, alimtoa pasi mkononi, akamwambia, "Kaa chini, mutoto." Jioni picha ikafika: Charline ameshika brevet, miguuni pake sanduku la vyombo vya ufundi alilopewa. Micheline aliliangalia lile sanduku zaidi kuliko uso wa rafiki yake. Akaandika, "Hongera, ndugu yangu," na ilitoka moyoni, kisha akalia.

Mafunzo yalipoisha, simu za alhamisi nazo zikaisha. Washonaji wa Katoyi walianza kumletea mashini zao, naye akazitengeneza vizuri. Lakini shule moja yenye mashini ishirini ilipomwita, wakamwuliza brevet, akarudi nyumbani.

Wiki iliyopita Papa Kamate alimpigia: mwezi wa tatu wanaanza kundi lingine. Mama yake alisikia yote kutoka kitandani.

"Enda," akamwambia.

"Na weye utabaki na nani?"

"Tutatafuta. Ukingojea nipone, utazeekea kwa pasi."

Micheline alitafuta kati ya shangazi zake nani angekuja kumtunza mama, mmoja Butembo, mwingine Rutshuru, akaona kila mmoja na mzigo wake. Hata hivyo alichukua telefone, akamwandikia Papa Kamate aliweke jina lake katika kundi hilo. Alipokwisha kutuma, akaenda kupasha maji ya kumwogesha mama.