Wali wa Mbuzi wa Akika

Kwa nini mtu anayempenda mnyama humlisha kile akipendacho yeye mwenyewe? Nimesoma hadi chuo kikuu, na jibu sina. Kila nipitapo mahali mbuzi anapocheua, ile harufu ya majani yaliyochachuka hunirudisha uani kwetu Ngamiani, kwa mbuzi wa akika ya mdogo wangu, wa kuchinjwa kwa kuzaliwa kwake, na kwa shangazi, dada yake baba, mtu asiyeambilika.

Mama, aliyekulia Moa katika mifugo, alimkatia mbuzi nyasi ngumu kila siku. Shangazi alisubiri mama ampe kisogo, akamwaga wali wa nazi juu ya nyasi hizo.

"Wifi, tumbo la huyu ni la majani," mama alisema, kwa mara nisiyoijua ya ngapi.

"Mbuzi wa mtoto wetu ale kama mbuzi wa barabarani? Watu watatusemaje?"

"Watasema alikufa ameshiba."

Shangazi alicheka. Alasiri moja, baada ya sinia zima la pilau lililobaki harusini kwa jirani, mbuzi aliacha kucheua. Ubavu wake wa kushoto ulituna, akawa anasaga meno. Wageni wa akika walikwisha alikwa, mbuzi mwingine hatukuwa naye, na mgonjwa hafai kwa akika. Mama alimnywesha maji ya magadi, akamkanda ubavu hadi adhana ya Magharibi, mbuzi alipocheua tena. Shangazi akauliza kama sasa mbuzi angeweza kupewa uji mwepesi.

 Mama alinigeukia mimi: "Kesho anakwenda Moa kwa babu yako. Atarudi siku ya kuchinjwa."

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mbuzi hali peke yake. Katika chumba kikubwa cha tumbo lake huishi vijidudu visivyohesabika. Hivyo ndivyo vinavyochachusha nyasi ngumu, naye hucheua ili kuvisagia upya, akaishi kwa kazi yao. Wali huchachuka upesi mno, tumbo likajaa ukali, navyo vikafa. Shangazi alikuwa akimkirimu mgeni huku akiwaua wenyeji wake.

Asubuhi mama alimfungua mbuzi. Mlangoni shangazi alitutolea bakuli lililofunikwa kawa. "Wa njiani, wifi. Kidogo tu."

Mama alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akanikabidhi.

"Kula wewe, mwanangu," akasema, akaishika kamba na kushika njia ya stendi.