Victoire, Ndevu Zake na Mnanaa Wake

Nianze na ndevu, maana kila mtu wa hapa Rughenda, mtaa wetu wa Butembo, huanza nazo. Jirani yangu Victoire ana ndevu. Si vinyweleo viwili vitatu. Ni ndevu za kidevuni, nyeusi, ngumu, zilizoanza kuota alipokuwa msichana kwao Luofu na hazijapumzika tangu hapo. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto alikuwa akiketi mlangoni na kioo na kibano, akizing'oa moja moja huku akitukana. Matusi yake yote nayajua, kwa sababu kati ya kiwanja chake na changu pana uzio wa matete tu.

Mumewe, Abdias, anaendesha pikipiki ya abiria. Wana mtoto mmoja, Shekinah, wa miaka tisa, na baada yake hakuja mwingine. Jambo hilo lilimkera sana baba yake Abdias, mzee Eliezer, anayeishi nao kiwanja kimoja na ambaye shamba lake la maharage linashuka nyuma ya nyumba mpaka bondeni. Alitaka wajukuu wa kiume, na alitaka mtu wa kulaumiwa. Mtu huyo alikuwa karibu, tena alikuwa na ndevu.

Mwaka jana Abdias alimpandisha mkewe kwenye pikipiki akampeleka Beni kwa muuguzi mmoja, Mariette. Mariette alimpima, akamwambia ndevu si uchawi wala laana. Ni homoni za kiume zilizozidi kidogo mwilini, zinawapata wanawake wengi, na zinaweza kuchelewesha mimba pia. Akamwandikia dawa. Victoire akamuuliza habari ya chai ya mnanaa, ambayo wanawake wenzake walikuwa wakiisifu.

"Kunywa, lakini usiitumainie kama dawa," Mariette akamjibu. "Bamama bengine bakikunywa vikombe mbili kwa siku, ile homoni inashukaka kidogo mu damu. Nywele zenyewe, hatujue bado. Gaz mu tumbo, ile itakusaidia. Lakini mutu mwenye kifua inamuwakaka kisha kula, asiguse. Mwenye figo mugonjwa, asiguse. Na siku utashika mimba, acha kwanza, ukuye kuniuliza."

Victoire alirudi na vishina vya mnanaa, mente kama tunavyouita hapa, vimefungwa kwenye kitambaa chenye maji, akavipanda nyuma ya jiko, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Mnanaa hauhitaji kubembelezwa. Baada ya muda mfupi alikuwa na bustani, na vikombe vyake viwili, kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Je, ndevu zilipungua? Yeye anasema zililainika. Mimi sikuona tofauti, na nilimwambia hivyo. Nilichokiona ni kwamba tumbo lake halikuvimba tena baada ya maharage, na kwamba saa ya kikombe hakuna aliyemsumbua. Aliketi kwenye kiti cha Abdias, mguu juu ya mguu, akanywa polepole kama mke wa gavana. Naamini hicho ndicho kilichomuudhi Eliezer zaidi ya majani yenyewe.

"Mwanamuke na ndevu, na kiti ya bwana yake," alisema. "Sasa anakosa nini? Kofia?"

Siku ya Pasaka walichinja mbuzi. Eliezer alikula mafuta, akala na ngozi ya chungu kama tunavyosema kwa mlafi, kisha tumbo likamkaza. Mzee huyu aliyeuita mnanaa chakula cha mbuzi akaingia jikoni peke yake, akakuta chungu cha Victoire kimefunikwa, chai imekolea mpaka imekuwa nyeusi, akainywa yote. Halafu akaenda kulala chali.

Alasiri hiyo nilisikia kelele nikadhani nyumba inaungua. Eliezer alikuwa uani, mkono kifuani, anatema mate makali.

"Karuho! Bibi ya Abdias ameniwekea karuho!"

Karuho ni sumu ile ya siri, na hapa kwetu neno hilo halichezewi. Watu wamechomewa nyumba kwa sababu yake. Niliogopa, sitaficha, nilimwita Shekinah aje kwangu nikafunga mlango.

Kesho yake wazee wa ukoo walikaa kwenye kyaghanda, pale wanaume wanapozunguka moto kuamua mambo ya familia. Mwanamke haingii asipoitwa. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya uzio wa matete, tunajifanya tunachambua sombe, majani ya muhogo. Eliezer alikuwa mzima kabisa, na sauti yake ilikuwa imepona kuliko vyote. Walikubaliana upesi: mnanaa ni sumu, mnanaa umemuulia Abdias nguvu za kiume, kwa hiyo ung'olewe, na mwenye mnanaa arudishwe kwa wazazi wake Luofu.

Hapo Victoire akaingia na chungu mkononi.

"Nani alikuita?" Eliezer akauliza.

"Jina yangu ndiyo imeniita. Iko humu tangu asubui."

Akamimina kikombe, akanywa mbele yao, akamimina kingine, akanywa. Akafuta kidevu chake cha ndevu kwa kiganja, taratibu, ili waone vizuri, akamgeukia baba mkwe wake.

"Kama ni karuho, nifwe hapa. Tata, ulikula mafuta, ukakunywa chungu muzima, ukalala. Ile inapandisha asidi, Mariette alinionya. Mi hapana kukupatia. Ulijipimia mwenyewe."

Mzee mmoja akakohoa. "Na Abdias? Hazae juu ya majani yako."

"Mente iko na mwaka moja. Shekinah iko na miaka tisa. Ile miaka ingine yote, Abdias alikuwa anakunywa nini?"

Nyuma ya matete tuliuma vitenge vyetu ili tusicheke. Eliezer akaona wenzake wanatazama chini, hasira ikampanda zaidi.

"Abdias, toa pikipiki. Umurudishe kwao leo."

Abdias ni mtu mpole, mpole wa kuudhi. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akimkatalia baba yake hata jambo dogo, na moyo wangu ulikuwa tayari umekata tamaa. Akasimama, akazungusha ufunguo kidoleni.

"Tata, pikipiki yangu haitafika Luofu na bibi yangu. Kama munamurudisha, mumubebe ku mugongo."

Luofu ni mbali, na Victoire si mwembamba. Wazee wakatazamana, mmoja akatafuta kofia yake. Lakini kyaghanda haiwezi kuvunjika mikono mitupu, kwa hiyo wakaushikilia mnanaa. Vijana wakatumwa na majembe, wakaikatakata bustani nzima, Eliezer akisimamia. Huku kwetu milima imesimama, na magugu hatuyatupi. Tunayalaza kwa mistari kukatisha mteremko, ili mvua isishushe udongo. Basi Eliezer, mkulima hodari, akaamuru mnanaa ubebwe ukalazwe katikati ya maharage yake, mstari kwa mstari, mpaka bondeni. Victoire alisimama akitazama. Nilidhani analia. Hakuwa analia.

Asubuhi iliyofuata sikusikia matusi. Nilichungulia nikamkuta mlangoni bila kioo.

"Kibano iko wapi?" nikamuuliza.

"Nimeitupa mu choo, Rébecca. Mi sing'oe tena. Basi bamenitukana ndevu na bamenikatia chai. Bamebakisha nini tena ya kunifanya?"

Jumapili akaenda Misa na ndevu zake, akaketi benchi la mbele. Mama mmoja nyuma yake akanong'ona kwa sauti ya kusikika. Victoire akageuka akamwambia, kwa upole wote wa kanisani, "Butembo iko na baridi, mama. Inanifunika." Mimi nilikuwa kwenye kwaya, nikajawa na fahari mpaka nikapotea njia ya wimbo, na kiongozi wetu akanikazia macho.

Mvua za Aprili zikanyesha bila kupumzika. Kabla maharage hayajamaliza kutoa maua, shamba la Eliezer likaanza kunukia. Kila kipande cha shina kilichokatwa kilikuwa kimetoa mizizi yake. Eliezer akalima. Akakata tena, akalaza tena, maana ndivyo alivyofundishwa na ndivyo anavyojua, na wiki zilizofuata mnanaa ukarudi maradufu. Watu waliokuwa wakipita njia ya bondeni walisimama, wakavuta pumzi, wakamwambia mzee hongera.

Siku moja jioni akaja jikoni kwa Victoire, jembe begani, magoti yamejaa udongo. Victoire alikuwa kwenye kiti cha Abdias, mguu juu ya mguu, na kikombe kikitoa mvuke. Majani hayakumpa shida kuyapata.

"Mama Shekinah," mzee akaanza, na sikumbuki kumsikia akimwita hivyo kabla. "Ile mente yako imejaa mu maharage yote. Nimelima mpaka mugongo imekatika. Inatokaka namna gani?"

Victoire akanywa kwanza. Akaweka kikombe chini, akapitisha mkono kidevuni, kwenye ndevu zake zilizokuwa sasa za kutosha kushikwa.

"Hapana toka, Tata," akamwambia. "Muzoee."