Filamu Iliyopigwa Mara Mbili

Mtaani humwita Babu Kiza, kwa kuwa studio yake haina dirisha. Watu humcheka: enzi hizi za simu, nani bado anasafisha filamu? Yeye hana habari nao. Huitikisa trei ya dawa polepole kama anayebembeleza mtoto, akiinong'oneza karatasi, "Njoo basi, usione haya." Siku hiyo bibi harusi mmoja alisimama kando yake chini ya taa nyekundu. Filamu aliikuta kwenye mkoba wa kamera ya marehemu baba yake, akadhani ni mpya, akaipigia picha za harusi yake. Karatasi ikaanza kuota sura: yeye na shela lake, na nyuma ya bega, hafifu kama mvuke, baba anacheka. "Imeharibika, Babu?" Mzee hakuacha kubembeleza. "Simu yako haijui kukosea hivi, mjukuu wangu."