Muuguzi Anayepokea Wazee Mlangoni

Muuguzi anayepokea wazee kwenye nyumba ya matunzo ana mikono minene, sauti ya kubembeleza, na maswali yasiyokuwamo kwenye fomu. Barua ya hospitali huisoma kwa jicho moja. Jingine humtazama aliyemleta mgonjwa. "Chai anapenda ya moto au vuguvugu? Analala upande gani? Akikasirika, anatulizwa na nini?" Majibu huyaandika kwa kalamu nyekundu na kuyabandika kabatini, ili mwenzake wa zamu nyingine asije akamfundisha mzee wa watu kulala upya.

Juzi binti mmoja alimleta baba yake kutoka hospitali, fundi cherehani mstaafu ambaye ugonjwa wa kusahau umemlia hata jina la binti huyo. Mzee aling'ang'ania kiti cha gari kama kupe. "Kwangu si hapa!" Binti alimsihi mpaka machozi yakamlenga. Muuguzi hakubishana. Aligeuka kando, akafumua kwa kucha upindo wa koti lake jeupe, kisha akainama dirishani. "Shikamoo, fundi. Nimeaibika, hebu tazama." Mzee aliushika upindo, akasonya. "Nani kakushonea uchafu huu?" "Fundi wa mjini, baba." "Umeliwa! Twende ndani kwenye mwanga." Akashuka mwenyewe, akimkokota muuguzi kwa upindo kama mbuzi wa mnadani. Mlangoni akageuka, akamwona binti yake amesimama peke yake na begi. "Na wewe mama, karibu," alimwambia kwa upole. "Usiogope foleni. Nitakushonea vizuri." Binti akacheka, akafuta macho, akaingia.