Siku Nilipomwambia Mtani Wangu Ameshinda

Nianze kukiri mwenyewe kabla Beka hajawaonyesha ile video: ndiyo, mwanaume anayepiga kelele majini kama kuku aliyeona kisu ni mimi, ndiyo, suruali ilikuwa imeshuka, na aliyenivuta hadi nchi kavu ni mwanamke ninayempita kichwa kizima, tena aliacha nazi yake haijaisha kukunwa. Chekeni tu, nawaruhusu. Mimi mwenyewe ilinichukua wiki tatu kuanza kucheka.

Sisi ni wanne, tulisoma chuo cha ualimu pamoja. Mimi naitwa Shija, nafundisha hisabati shule moja hapa Sofu, Kibaha. Neema anafundisha Misugusugu, Beka aliacha chaki akaenda kuendesha Noah, na Zaituni ni Mzaramo wa Kisarawe, mtani wangu. Kwa asiyejua, Wazaramo na sisi Wasukuma tunataniana tangu enzi za mababu, na mimi na Zaituni tunautumia huo utani bila huruma: akinipigia simu haanzi na salamu, anaanza na "Wewe mshamba, umekula?", na siku nikiugua ananiuliza lile shati langu la bluu namwachia nani (mtani ana haki ya kubeba vitu vya marehemu, hilo Zaituni hajawahi kulisahau hata siku moja).

Likizo ya Juni tukakubaliana tukapige kambi ufukweni, upande wa Bagamoyo, siku mbili, mahema mawili, hakuna kusahihisha madaftari. Asubuhi tukakutana Maili Moja, tukapakia mkaa, mihogo na nazi kwenye Noah ya Beka, na tulikuwa hata hatujafika mbali nilipojiharibia. Zaituni aliuliza tu, kwa wema kabisa, "Jamani, kuna anayejua kuogelea? Maana kule wanakodisha kayaki." (Kayaki ni kile kimtumbwi chembamba cha plastiki, unakaa ndani umenyoosha miguu na kasia lako mkononi.) Ningenyamaza, yangeisha, lakini akamalizia, "Msukuma simuulizi, kwao maji ni ya kwenye ndoo."

Basi nikapanda mori. "Mimi? Mtoto wa Ziwa Victoria? Mimi nimeogelea kabla sijajua kutembea!"

Ndugu zangu, mimi nimezaliwa hapa hapa Kibaha, Mwanza sijawahi kukanyaga, ziwa lenyewe nimeliona kwenye kalenda sebuleni kwa baba mkubwa. Lakini Neema akageuka kwenye kiti macho yanamng'aa, maana toka utotoni anatamani kuogelea na anaogopa, akasema, "Kumbe! Basi kesho asubuhi utanifundisha, Shija." Nikamjibu hamna shida. Nililitamka hilo neno kirahisi, nikaomba nipewe karanga.

Tulipofika, nikawa nimeshavimba kichwa. Mama anayekodisha kayaki nilimwamkia vizuri, akaitikia, akanikabidhi laifu jaketi la rangi ya chungwa. "Unayajua maji, baba?" Nikamwambia nayajua. "Hata kama unayajua, livae." Nikalipokea kwa adabu, nikasubiri ageuke, nikalikalia, maana kiti kilikuwa kigumu na mtoto wa ziwa hawezi kuonekana na jaketi mbele ya Mzaramo.

Na niseme ukweli, kwa dakika kumi nilikuwa mtu! Bahari ilikuwa nzuri jamani, maji ya kijani hadi unaona mchanga chini, halafu ghafla yanakuwa ya bluu nzito, na upepo wa kusi unanisukuma kwa nyuma nadhani ni nguvu zangu mwenyewe. Zaituni nilimwona ufukweni amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, nikampungia kasia kwa dharau. Beka akapaza sauti, simu iko juu inarekodi, "Shija, simama nikupige picha kali!" Nikasimama.

Kayaki huwa haisimamiwi. Hilo nililijua nikiwa tayari ndani ya maji, puani chumvi, masikioni chumvi, na nilipoibuka kitu cha kwanza kukiona ni laifu jaketi langu linaondoka taratibu kana kwamba limetumwa dukani. Nikaikumbatia kayaki, ikateleza, nikaikumbatia tena. Miguu natafuta chini, chini hakuna. Nikapiga ukelele, "Mtani! Nakufa!"

Zaituni wala hakunyanyua kichwa. "Kufa tu!" akajibu kwa sauti. "Lile la bluu liko kwenye begi gani?"

Wote wakacheka. Neema alicheka hadi akakaa chini. "Kweli nakufa!" nikasema, na Zaituni akasema, "Kufa kiume basi, unatupigia kelele!" Simlaumu hata kidogo, maana mwaka jana kwenye harusi nilijifanya nimezimia ili tu nimwagiwe soda, na mara ngapi nimempigia simu kwa sauti ya kilio nikamwambia nimefiwa na jogoo. Wimbi likaja, mikono ikaachia, nikanywa maji hadi nikahisi kifua kinapasuka, nikamwona mama yangu kabisa yuko jikoni hana habari. Nilipoibuka mara ya mwisho sikuwa na utani tena wala Usukuma. Nikapiga kelele, "Zaituni, umeshinda! Mzaramo umeshinda!"

Akaacha kukuna.

Hakuuliza. Alilikunja dera akalifunga kiunoni, akakimbia na kilemba chake kichwani, akajitupa majini, na yule mwanamke alivyokuwa anakuja, ndugu zangu, sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Hakurusha maji hovyo wala hakuhangaika. Akanizunguka kwa nyuma, akasema kwa sauti ya darasani, "Usinishike. Ukinishika nakuachia." Nikamshika. Akazama pamoja na mimi mpaka nikamwachia mwenyewe, akaibuka, akarudia, "Lala chali. Tumbo juu. Tazama mawingu." Nikatazama mawingu. Akanikamata ukosi, akanivuta, suruali ikabaki magotini, wageni wa mahema ya jirani wamejipanga kama wanasubiri mwenge.

Nilitapika mbele ya wote hao. Beka na Neema wanauliza kimetokea nini, na Zaituni, anahema, kilemba kinachuruzika, akawaambia, "Msuli ulimbana. Muacheni apumzike." Kisha akarudi kwenye nazi yake. Alijua vizuri kwamba hakuna msuli uliobana, na alikuwa na silaha ya kunimaliza nayo maisha yangu yote, akaiweka chini.

Jioni tukawa tunakula mihogo ya nazi, mimi naimeza kwa tabu, Neema akasema, "Kesho saa moja basi, mwalimu wangu? Kama msuli umepona." Zaituni akanitazama.

Ningeweza kusema naumwa. Nikasema, "Neema, mimi sijui kuogelea. Sijawahi kujua. Mwanza kwenyewe sijafika."

Neema akaweka sahani chini. "Kwa hiyo ungeniingiza majini."

"Ningekuingiza," nikasema, na hapo ndipo aibu iliponikaa sawasawa, kuliko ile ya suruali. Hakuna aliyecheka, hata Beka.

Baadaye nikamuuliza Zaituni alijuaje kwamba safari hii si utani. Akaniambia, "Tangu nikufahamu hujawahi kukubali umeshindwa, hata kwenye karata ukiwa huna karata. Uliposema nimeshinda, nikajua roho inatoka." Na kuogelea? Akaeleza kawaida tu kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa Kigamboni, na waliomfundisha ni wanafunzi wake wa darasa la nne. Kila Ijumaa walikuwa wanamsahihisha, "Mwalimu, miguu! Mwalimu, pumua!", na yeye anatii. Mimi nilishindwa kumwambia rafiki sijui, na huyu mtu alikubali kufundishwa na watoto wa miaka kumi. Namheshimu yule mwanamke hadi naogopa kumsifia mbele yake.

Siku hizi, Jumamosi mbili kila mwezi, anakuja kutufundisha mimi na Neema kwenye bwawa la hoteli moja hapa Kibaha. Neema ameshanipita mbali, mimi bado naelea nikihesabiwa. Utani tumeuwekea mpaka, majini hauingii. Nimemzidi Zaituni miaka minne, lakini nikifika ukingoni, laifu jaketi limefungwa hadi kidevuni, nainamisha kichwa namwambia, "Shikamoo."

Naye, bila aibu hata kidogo, "Marahaba. Ingia."