Matanga ya Shemeji Salimu

Jamani, nichekeni tu. Mimi ni fundi cherehani hapa Kisenyi, Mkongo wa Bukavu. Mdogo wangu Furaha aliolewa pwani na Salimu, na wawili hao husafiri baharini kwa boti yao ndogo. Jumamosi Furaha alinitumia ujumbe wa kurekodi, sauti imemkauka: "Dada, upepo umetutenda vibaya. Tumeingia bandari ya mji wa kale, ule wenye kuta. Hatuondoki mpaka tumalize mambo ya matanga. Tusaidie." Nikapiga, simu haipatikani.

Kwetu matanga ni ya msiba tu. Na botini walikuwa wawili; kama Furaha anaongea, aliyekufa ni nani? Nikalia mpaka majirani wakafunga maduka. Kesho yake akina mama wa kanisani wakajaa kwangu, wakapika, wakaimba, nami nikamsifu marehemu kwa maneno matamu ambayo sikuwahi kumwambia akiwa hai.

Katikati ya wimbo simu ya video ikaita. Nikaipokea mbele ya wote. Akatokea Salimu anatafuna muhogo, nyuma yake ukuta mrefu wa mawe.

"Shemeji! Mbona mnalia? Nani amefariki?"

Wimbo ukakatika.

"Wewe," nikasema.

Furaha akachungulia, akainua kitambaa kikubwa kilichopasuka katikati. "Dada, matanga ya boti! Tulitaka utushonee mapya."

Akina mama wakaangua kicheko, wengine wakipiga vigelegele. Nikafuta machozi, nikamwomba marehemu anitajie vipimo.