Shingo ya Mzee wa Tai

Miaka ishirini na tisa alisimama nyuma ya meza ya mapokezi ya hoteli ile ile, na katika miaka yote hiyo hakuna mgeni aliyewahi kuiona shingo yake. Kola nyeupe iliyopigwa wanga, kifungo cha juu kimefungwa, na tai nyeusi ya kipepeo imekaa sawasawa kama iliyowekwa kwa rula. Wafanyakazi wenzake walimwita Mzee wa Tai. Wageni waliokuja mara kwa mara walilidaka jina hilo wakadhani ndilo lake, naye hakuwasahihisha. Lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Kisha akaja meneja mpya, na pamoja naye ikaja sare mpya: shati la kitani, rangi ya mchanga, vifungo viwili vya juu vikiachwa wazi. Meneja alisema anataka mgeni ajione yuko kwake. Mzee wa Tai alinyoosha mkono kikaoni akauliza kama watu wa umri fulani wanaweza kupewa ruhusa ya kuendelea na tai.

"Ndugu yangu," meneja alimjibu kwa upole, "sare ni sare."

Siku ya kwanza ya shati lile alisimama mbele ya kioo cha chumba cha kubadilishia nguo kwa muda mrefu. Uso haukuwa na neno. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na watu walimkadiria hamsini. Ila chini ya kidevu kulikuwa na mtu mwingine. Ngozi ilining'inia kwa mikunjo miwili mirefu kutoka kidevuni hadi kooni, na katikati yake kikafuko kidogo cha mafuta. Alipomeza mate, vyote vilicheza.

Mpagazi wa mizigo, mtani wake wa siku zote, alipita nyuma yake akamtazama kiooni. "Kumbe jina tulikupa mapema," alisema. "Tulidhani ni tai ya kuvaa, kumbe ni yule ndege."

Chumba kizima kilicheka. Yeye naye alicheka, tena kuliko wote, kama afanyavyo mtu anayetaka jambo liishe. Halikuisha. Tangu siku hiyo akawa anaona macho ya wageni yakishuka. Walikuwa wakimsalimu usoni, kisha wanateremka kidogo, kisha wanarudi juu haraka. Mama mmoja aliyekuwa akifikia hapo kila mwaka alimuuliza kwa huruma kama amekuwa akiumwa. Akaanza kusimama kidevu juu ili ngozi ivutike, hadi kisogo kikamuuma na wenzake wakaanza kusema mzee siku hizi anaringa.

Aliyemwelekeza kliniki alikuwa kinyozi wake. "Wanaume wanakwenda, mzee wangu, hawasemi tu," kinyozi alimnong'oneza huku akimpangusa nywele mabegani. "Hawakati, hawashoni. Ni mashine na sindano, unatoka na miguu yako."

Kliniki ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke mdogo kuliko mtoto wake wa kwanza. Alimbana ngozi ya shingo kwa vidole viwili, akaiachia, akaitazama inavyorudi polepole.

"Baba, nikuambie kabisa kabla hujalala hapo," alisema. "Shingo ya kijana sina. Nitakupa nafuu."

Mara mbili, kwa kupishana mwezi, alilala chini ya taa nyeupe akapakwa krimu ya ganzi, kisha mashine ikapitishwa taratibu chini ya taya. Ilipeleka mawimbi ya sauti ndani ya nyama ili yaipashe joto na ngozi ijikaze yenyewe baadaye. Pamoja na ganzi ile, alisikia kama sindano za moto zinatembea kwa mstari. Mara zote mbili alirudi nyumbani shingo nyekundu, akamwambia mkewe ni wembe mpya. Mara ya tatu ilikuwa sindano yenyewe, ya kuyeyusha kile kikafuko cha mafuta. Daktari alimweleza kwamba atavimba kama wiki moja, na kwamba mara chache dawa hugusa neva ya mdomo, mdomo ukaenda upande. Hurudi wenyewe baada ya wiki kadhaa. Mzee wa Tai aliyachukua yale maneno "mara chache", mengine akayaacha pale pale mezani, akatia saini.

Aliomba likizo ya wiki moja. Nyumbani alisema ameng'oa jino.

Asubuhi ya siku ya tatu, mkewe, mwalimu wa watoto wadogo mwenye maneno ya kuchekesha tangu alfajiri, alisema kitu kuhusu uvimbe ule na chura. Mzee wa Tai akacheka. Mkewe akaweka kikombe chini.

"Cheka tena."

"Kwani vipi?"

"Cheka, baba watoto."

Alicheka. Mdomo wa chini ulishuka upande wa kulia, upande wa kushoto ukabaki umekaza kama umeshonwa. Mkewe hakupiga kelele. Mama yake mzazi alikufa kwa kiharusi, na kilianza hivyo hivyo, asubuhi, mezani. Alisimama akachukua kitenge chake na kadi ya hospitali.

Njiani Mzee wa Tai alikuwa na dakika ishirini za kusema ukweli. Kila alipofungua mdomo, mkewe aliutazama ule mdomo, macho yakamjaa machozi, naye akaufunga. Kisha wakawa wameshaingia kwa daktari wa zamu, kijana aliyechoka, aliyemwinua mikono, akamfanya akunje uso, akamulika machoni. Mkewe alisimama ubavuni akiwa amemshika bega.

"Umefanyiwa chochote usoni au shingoni hivi karibuni?" daktari aliuliza.

Lilikuwa swali moja, jepesi, na mlango ulikuwa wazi kabisa. Alihisi vidole vya mkewe begani.

"Jino tu," alijibu.

Daktari aliandika. Alisema haioni dalili kamili ya kiharusi, lakini kwa umri ule hawezi kubahatisha. Akampa vidonge vya kufanya damu iwe nyepesi, tarehe ya kupigwa picha ya kichwa, na amri: asibebe kitu, asipande ngazi, asitiwe wasiwasi.

Kuanzia hapo nyumba ilimfunga. Dada yake mkubwa alifika kesho yake na masanduku mawili, akatwaa jiko, akapiga marufuku chumvi, akaondoa komeo la bafuni ili mgonjwa asije akaangukia ndani. Kila asubuhi na jioni alimkalisha kitini akamsugua shavu kwa kitambaa cha maji moto, akimsimulia habari za watu wote wa ukoo waliopooza na jinsi kila mmoja alivyomalizika. Shavu halikuwa na kosa lolote. Majirani walikuja kumpa pole wakakaa kwenye ukingo wa viti, wakizungumza kwa sauti ya chini na polepole, kama vile masikio nayo yamepinda. Alimeza vidonge visivyomhusu. Kikwapani alificha simu, maana kliniki walimpigia mara mbili kumuuliza anaendeleaje. Mara ya pili alijificha chooni akawaambia kuhusu mdomo. Daktari alimjibu kwamba ni ile neva, asiwe na hofu, itarudi. Kurudi kwa neva hakukuwa tena shida yake kubwa.

Likizo ilipoisha alikwenda kazini. Meneja alimtazama akijaribu kumpokea mgeni kwa tabasamu la upande mmoja, akamwita pembeni. "Ndugu yangu, afya kwanza," alisema, akamhamishia ofisi ya nyuma, kwenye simu za kuweka nafasi za vyumba. Haikuwa na dirisha. Mpagazi aliyekuwa mtani wake alimletea chai hadi huko, akaiweka mezani kwa mikono miwili, hakutania hata kidogo. Hilo lilimuumiza kuliko lile la ndege.

Alijiambia atasema Ijumaa. Ijumaa dada yake alikuwa akisali kwa ajili yake sebuleni kwa sauti. Alijiambia atasema baada ya picha ya kichwa. Picha ilitoka safi, mkewe akalia kwa furaha kifuani pake, na hapo atasemaje?

Kitindamimba wake, binti, alikuwa mpima ardhi. Miezi mitatu kabla alikuwa amepata kazi aliyoitafuta tangu amalize chuo, katika mji wa mbali, ya miaka miwili, na alikuwa akijiandaa kuondoka. Jumapili moja mchana alikuja, akakaa kwenye zulia miguuni pa baba yake, wakati shangazi yake akiendelea kusugua lile shavu.

"Baba, usiwaze habari ya mimi kuondoka," alisema. "Niliwaandikia juzi. Nimewaambia siendi."

"Kwa nini?"

"Niende niache nini? Nimewaambia baba yangu ana kiharusi. Wameelewa."

Mzee wa Tai aliushika mkono wa dada yake, akauondoa usoni mwake pamoja na kitambaa.

"Sina kiharusi," alisema.

Walidhani ni ukaidi wa mgonjwa. Ikabidi aseme lote, tangu shati la kitani hadi sindano, na akalisema vibaya, kwa mdomo ule uliopinda, akirudi nyuma kueleza mashine, akisahau alipofika. Alifungua kifungo akawaonyesha. Dada yake aliinama akatazama shingo kwa karibu, kama mtu akaguaye kitambaa dukani.

"Shingo," alisema. "Mimi nimeacha nyumba yangu wiki tano kwa ajili ya shingo." Akainuka kwenda kufunga masanduku yake.

Mkewe alikuwa mlangoni. "Nilikushika bega," alisema. "Daktari alipokuuliza, nilikuwa nimekushika bega." Alikwenda kulala chumba cha watoto, na akakaa huko siku nyingi.

Binti alipiga simu kesho yake kule kwenye kazi. Nafasi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Walimwambia aombe tena ikitokea nyingine.

Mdomo ulirudi katika wiki ya saba, kama daktari alivyosema. Mashine nayo ilifanya kazi yake kimyakimya: mikunjo ilikuwa bado ipo, lakini imepungua, na kile kikafuko kilikwisha. Mzee wa Tai alikwenda kwa meneja na tabasamu kamili akaomba kurudi mapokezi. Meneja alifurahi kumwona mzima, akamwambia kwamba pale mbele sasa yuko msichana anayefanya vizuri sana, na kwamba sauti yake yeye kwenye simu inasifiwa. Akabaki ofisi ya nyuma. Mkewe alirudi chumbani mwao, wakawa wanazungumza habari za bili, za paa linalovuja, za wanafunzi wake. Kila alipochelewa kurudi, mkewe alimuuliza alikuwa wapi, na alipojibu alimtazama mdomo.

Mchana mmoja binti yake alikuja ofisini bila kutoa taarifa. Alivuta kiti akaketi upande wa pili wa meza. Walikuwa hawajakaa wawili peke yao tangu ile Jumapili. Aliitazama shingo ya baba yake, hakujificha.

"Imekaza kidogo," alisema.

"Kidogo," alikubali.

Alitaka kumuuliza kama ameomba kazi nyingine, kama bado ana hasira, kama amekuja kwa wema au kuona tu kitu kilichomgharimu kazi kinafananaje. Simu ikalia. Akainyanyua, akaanza kuisoma ile salamu ndefu ya hoteli, na binti yake akabaki pale amekaa, akisubiri amalize.